Siku yangu moja kazini: mkalimani mlimani Emei

Saa 11 alfajiri. Chengdu bado giza. Kabla hata ya kupiga mswaki nimeshaandika kwenye kundi la WeChat: "Pasipoti, jamani. Pasipoti!" Leo nina Watanzania 14 waliokuja kozi fupi, na hapa China mgeni hapandi treni ya mwendokasi bila pasipoti. Mimi ni mkalimani tu. Mwongoza watalii mwenye leseni ni kaka wa Kichina mwenye kibendera cha njano: yeye anasema, mimi natafsiri, lawama tunagawana.

Saa 1 kasorobo, stesheni. Dada wa Mbeya kaiacha pasipoti hotelini, chini ya mto. Tukambadilishia tiketi, nikabaki kumsubiri, wenzake wakatangulia na kaka wa kibendera. Tulipowakuta Emeishan walikuwa wameshaelewana kwa vidole na picha za simu, tena wanacheka. Nikajiuliza nalipwa kwa lipi.

Saa 4 asubuhi, ndani ya basi. Karibu saa mbili za kona tupu. Nikashika maiki: Emei ni mmoja wa milima minne mitakatifu ya Wabuddha wa China, pamoja na Wutai, Putuo na Jiuhua, UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1996. Nusu ya basi wamelala. Mzee wa Moshi, aliyekaa nyuma yangu, akauliza urefu.

"Mita 3,099, mzee."

"Binti, kwetu hapo hata Horombo hujafika."

Kweli. Ila Horombo, kambi ya Kilimanjaro, unaipandia kwa miguu siku mbili, mwili unazoea taratibu, na hapa gari linakupandisha asubuhi moja. Kaka wa Lindi alikuwa ameshaomba mfuko wa kutapikia.

Saa 6 mchana, Leidongping. Baridi na ukungu. Tukakodi makoti, tukaanza ngazi za kwenda kwenye gari la waya. Nilishawaambia: tumbili wa hapa ni majambazi, ficheni vyakula, akikusogelea mwonyeshe viganja vitupu. Dada wa Mbeya akaonyesha viganja huku biskuti zinaning'inia mkononi kwenye kamba ya mfuko. Tumbili hakukimbia hata. Alikaa palepale kwenye ngazi, akachana pakiti kwa meno, akala akitutazama.

Kwenye ngazi hizohizo wapo wanaume wanaobeba watu kwenye viti vya mianzi, wawili wawili, mianzi ikinesa mabegani. Mzee akasimama kuwatazama. Mwaka 2019, serikali ilipotangaza wazo la gari la waya Kilimanjaro, wapagazi wetu walipinga. Hapa wabebaji na gari la waya wanaishi mlima mmoja. Akaniuliza: "Poleni na kazi wanasemaje?" Hilo ni kati ya maswali machache yanayonipa raha, kwa sababu jibu lipo na linalingana karibu sawasawa: *xinku le*. Akalitamka kwa lafudhi ya Kichaga. Wale wabebaji wakaangua kicheko, wakamjibu wote kwa pamoja.

Saa 7 na nusu, Jinding, Kilele cha Dhahabu. Ukungu ulipasuka ghafla na sanamu ya Puxian ikatokea: mita 48, imepakwa dhahabu, nyuso kumi, ilikamilika mwaka 2006. Ngazi zimepangwa tembo weupe wa mawe kila upande. Tembo wa Puxian ana pembe sita. "Huyu majangili wangeanza naye," alisema mtu nyuma.

Kisha likaja swali ninalolijua: "Kwa hiyo huyu ndiye Mungu wao?"

Puxian ni *pusa*. Nikaanza na neno langu la zamani: "mtakatifu". Mzee, Mkatoliki, aliitikia kichwa upesi mno, nikajua kaelewa kitu kingine. Nikajaribu "walii" kwa kaka wa Lindi, naye akakunja uso. Nikaacha njia za mkato: ni kiumbe aliyekaribia kabisa ukombozi wake, akachagua kuwasaidia wengine nao wafike, huyu anajulikana kwa nadhiri kumi na kwa kuzitekeleza. "Nadhiri" ndilo neno lililoingia. Walinyamaza, wakawatazama mahujaji wakizunguka na vijiti vya ubani. Bibi mmoja alikuwa akipiga magoti, anainuka, hatua chache, anapiga tena. Hakuna aliyempiga picha, na sikuwa nimewakataza.

Saa 9 alasiri, chakula. Kichina ukisema "nyama" bila kutaja mnyama, aghalabu ni nguruwe, kwa hiyo Waislamu wangu wanne niliwaagizia tofu na mboga, nikaingia jikoni kuuliza na mafuta. Pilipili ya Sichuan haiwashi kama yetu. Inatia ganzi mdomoni. Kaka wa Lindi alijigusa midomo kama ametoka kung'oa jino.

Kushuka sina la kusema. Wote walilala, na mimi pia.

Saa 4 usiku, Chengdu. Nimehesabu watu 14, pasipoti 14. Miguu inawaka. Kaka wa kibendera alikunja kitambaa chake, akanigeukia: "*Xinku le*." Kutoka nyuma Mzee akadakia kabla sijafungua mdomo: "Hilo nalijua! Asante, tumeshapoa."