Tulivyotafuta karatasi zetu Malindi bila kuazima jina la mtu

Sisi ni Wabajuni, watu wa visiwa na pwani ya Kenya na Somalia. Ndugu za mume wangu wako Kizingitini, upande wa Lamu, sisi tulitoka Chovai, kisiwa cha upande wa Somalia. Bahari ni moja, na harusi zimekuwa zikivuka mpaka tangu enzi za mababu. Ndiyo maana tulipofika Malindi kwa jahazi, baada ya Kismayu kuangukia mikononi mwa Al-Shabaab mwaka 2008, watu wa mtaani walitupokea kama wageni wa ukoo. Tukapata chumba cha kupanga Shella, mume wangu akaingia baharini na wavuvi wa huku, nami nikaanza kuuza mahamri na viazi karai. Kambi ya Dadaab iko mbali na bahari, na sisi riziki yetu iko baharini. Hatukwenda.

Lakini kuishi bila karatasi ni kuishi kwa hisani ya watu. Laini ya simu ilikuwa kwa jina la jirani. Mume wangu hakuweza kuwa mwanachama wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kwa hiyo samaki wake waliuzwa kwa jina la mwenye chombo, na hesabu aliijua mwenye chombo. Shangazi alipofariki Lamu hatukwenda kuzika, kwa sababu njia ya Garsen ina vizuizi na abiria hushushwa kuonyesha vitambulisho mmoja mmoja.

Mwezi Desemba 2012 ikatoka amri kwamba wakimbizi wote wa mijini waende kambini. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kilikwenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta. Tukapumua kidogo. Machi 2014 amri ikarudi upya, na Aprili misako ikaanza Eastleigh, Nairobi. Sisi tulikuwa Malindi, lakini usiku nililala nimevaa dera na buibui iko kando ya mto, maana sikutaka kuchukuliwa na kichwa wazi.

Sisi Wabajuni tuna shida ambayo wakimbizi wengine hawana. Mbele ya polisi, ukisema umezaliwa Chovai, wewe ni Msomali. Mbele ya afisa wa wakimbizi, ukifungua mdomo unatoka Kibajuni na Kiswahili, na anakutazama kama Mkenya aliyekuja kudanganya. Mimi Kisomali changu ni cha sokoni tu, bei na salamu. Hata pale Jomvu, Mombasa, kwenye kambi ya Wabajuni nilikokaa utotoni kabla kambi za Pwani hazijafungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, tulikuwa tunaongea lugha yetu.

Kwa hiyo ami yake mume wangu alipokuja na rai yake, nilimwelewa vizuri. Alisema, "Mwanangu, hawa watoto niwaandikishe mimi. Waitwe wanangu, wapate vyeti, wakikua wana vitambulisho. Nani atajua?" Alisema kwa mapenzi, na bado namheshimu kwa hilo. Mume wangu alinyamaza. Mimi nilimwambia, "Ami, shikamoo yako iko palepale, lakini watoto wangu siwezi kuwakana kwenye karatasi." Isitoshe, kumtafutia mtoto kitambulisho kwa taarifa za uongo ni kosa la jinai, na mzigo huo angeubeba yeye akiwa mtu mzima, si ami wala mimi. Yaliyowapata vijana wa Garissa na Tana River nilikuwa nayajua. Ni Wakenya halisi, wazazi waliwaandikisha kambini utotoni ili wapate mgao wa chakula. Walipofika miaka 18, alama za vidole zikawaonyesha ni wakimbizi, wakanyimwa kitambulisho cha nchi yao wenyewe.

Tukaanza na watoto. Mtoto anayezaliwa Kenya ana haki ya kusajiliwa, mzazi awe na kitambulisho au asiwe nacho. Wawili walizaliwa hospitalini, karatasi zao za taarifa ya kuzaliwa nilikuwa nazo. Wa tatu alizaliwa nyumbani, na hapo kazi ni ya naibu chifu. Nilikwenda na mkunga na mzee wa mtaa, nikaambiwa njoo kesho, kisha njoo Jumatatu. Miezi sita ilikuwa imeshapita, kwa hiyo ukawa usajili wa kuchelewa, wenye fomu zaidi na maswali zaidi. Nilipokipata cheti nilikisoma palepale mlangoni, herufi kwa herufi.

Cheti si uraia, na ni vizuri mtu alijue hilo mapema. Katiba ya 2010 inatoa uraia wa kuzaliwa kwa kufuata mzazi, si mahali ulipozaliwa. Lakini cheti kilimfungulia mwanangu mlango wa shule na mtihani, na kilisema yeye ni nani na mama yake ni nani.

Kisha majina. Mume wangu kwenye karatasi moja ni Athumani, kwenye nyingine Osman, na kwenye barua ya zamani ya Kismayu ni Cusmaan. Mwanasheria wa msaada, ambaye hakututoza kitu, alituandalia hati ya kiapo kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja. Akatuagiza kila mahali tuandike jina moja tu kuanzia siku ile. Kama kuna jambo ningependa mwenye hali kama yetu alishike, ni hilo la majina.

Kisha tukaomba kutambuliwa kuwa wakimbizi. Tangu Aprili 2016 wakimbizi wa Somalia hawatambuliwi tena kwa jumla, kila mmoja anaeleza kisa chake. Maafisa wa wakimbizi walituhoji kila mmoja peke yake, mume wangu chumba kile, mimi chumba hiki. Niliomba mkalimani wa Kibajuni. Hakuwepo, nikaomba Kiswahili, na nikataka iandikwe kwamba nimeomba. Afisa aliuliza kuhusu koo 18 za Kibajuni, na visiwa kati ya Kismayu na Rasi Kiamboni. Kisha akauliza: upepo wa kusi ukichafua bahari mnakula nini? Nikamwambia ng'onda na mahindi ya mashamba ya bara, nikamweleza jinsi mamangu alivyokuwa akiipasua papa, akiitia chumvi na kuianika. Kalamu yake ilisimama, akanisikiliza. Mtu hawezi kufundishwa hayo usiku mmoja.

Tulisubiri sana. Jibu lilipokuja lilikuwa la kutambuliwa, na sasa tuna vitambulisho vya wakimbizi. Laini ya simu ni yangu. Lakini kadi ina mwisho wake, na hakuna ofisi iliyotuambia tutakuwa nani baada ya miaka 20.

Jambo linalotugawa nyumbani hivi sasa ni jingine. Somalia imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi wa nchi ya Jumuiya kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari ili aishi na kufanya kazi kama raia mwingine wa Jumuiya. Mume wangu anaona ndiyo njia ya kutoka. Mimi namuuliza: pasipoti ya Somalia tutaitoa wapi, na tukishaiacha hadhi hii, nani atamzuia mtu kuturudisha? Mpaka nipate jibu la maandishi, lenye mhuri, sitii sahihi.