Panda gari

Jana jioni binti yangu alifungua daftari la Kiswahili mezani, somo ambalo mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua liwe la lazima shuleni, akaniuliza: "Baba, mbona rafiki zangu wanasema hii ni lugha ya wezi?"

Kimawazo nikarudi kwenye kibanda cha video cha utotoni mwangu. Waliokulia Nsambya, Kampala, mnakijua, kile cha mabati karibu na kambi ya polisi, jenereta ikinguruma nje, mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi 200. Ubao wa mlangoni uliahidi kareti, lakini kanda iliyowekwa ilikuwa Hollywood Shuffle ya mwaka 1987. Watu walinung'unika, hakuna hata teke moja. Ni filamu ambayo wengi hawaijui mpaka leo, na inaniuma, kwa sababu Robert Townsend aliitengeneza kwa takriban dola 100,000 tu, nyingine akizitoa kwenye kadi zake za mkopo.

Bobby, kijana mweusi wa Los Angeles, anatafuta kazi ya uigizaji na kila anapokwenda anatakiwa awe mhuni. Mtafsiri wetu, aliyeifasiri filamu papo hapo, alikuwa hodari, Kiganda kikimtiririka kwenye kipaza sauti. Ila Bobby alipoanza kuigiza mhuni, yeye alihama lugha: "Lete pesa! Lala chini!" Kiswahili, kwa sauti nzito ya askari. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Kisha akaongeza: "Panda gari!"

Vijana waliendelea kucheka. Wazee walinyamaza. Mzee aliyekaa ubavuni pangu alikuwa akimenya karanga. Vidole vikasimama, ganda moja limepasuka nusu, na macho yake hayakuwa tena kwenye televisheni. Sikujua wakati ule kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanajeshi waliyatumia maneno hayo wakiwazoa watu Kampala na kuwapakia kwenye malori. Mimi niliyajua kwa mama. "Panda gari, mwanangu, tutachelewa," alikuwa akisema kila tulipokwenda kwa bibi Bombo, huku akinisukuma mgongoni kwa kiganja.

Mwishoni Bobby anaikataa ile nafasi mbele ya familia yake, anakwenda kuigiza tangazo la posta. Mtafsiri alimpa Kiganda safi, cha taratibu. Nilikaa nikingoja Bobby huyu mwema aseme hata neno moja la Kiswahili. Hakusema.

Nyumbani mama aliniuliza kwa Kiswahili chake sinema ilikuwaje. Nikamjibu kwa Kiganda. Alinitazama kidogo, akanipakulia chakula, kisha naye akajaribu Kiganda, lugha ambayo haikuwahi kumkaa ulimi, akitafuta kila neno.