Nebbiolo, zabibu ya ukungu

Huu ni mwaka wangu wa tano hapa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, na divai ninayoipenda kuliko zote karibu niikatae siku ya kwanza.

Aliyenimiminia ni mama mwenye nyumba niliyopanga. Nilipoitazama nilidhani imetiwa maji. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba divai nyekundu ya maana ni ile nyeusi tii, na hii ilikuwa imepauka hata nikaona vidole vyangu upande wa pili wa glasi. Nikapiga funda. Lo! Ukakasi ulinikamata ufizi na mashavu, kama chai iliyosahaulika jikoni ikachemka mpaka basi.

“Taratibu,” mama akaniambia. “Inuse kwanza.”

Nikanusa. Waridi. Kisha, chini ya waridi, lami, ile ile ya barabarani jua likiwa kali. Baadaye nikaja kujua kwamba wajuzi wa Nebbiolo huitaja kwa harufu hizo hizo mbili, ila siku ile hakuna aliyekuwa amenidokeza.

Ganda la Nebbiolo lina rangi haba na tanini tele, yaani vile viambato vinavyoleta ukakasi, na tanini hizo ndizo zinazoiwezesha divai yake kukaa miaka na miaka. Ndiyo maana sheria inataka Barolo, divai ya Nebbiolo, itunzwe miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya mapipa ya mbao. Barbaresco, nayo ya zabibu hiyo hiyo, miezi 26. Anayeanza namshauri aanze na Langhe Nebbiolo, inayonyweka ikiwa bado changa.

Oktoba iliyopita nilipanda vilima vya Langhe wakati wa mavuno. Nebbiolo huchipua mapema na kuchelewa kuiva, hivyo mkulima hukaa roho juu msimu mzima. Mmoja alinikatia kichala. Jina hilo watu hulihusisha na nebbia, yaani ukungu: wengine husema ni ule unaofunika mabonde wakati wa kuvuna, wengine ni utandu mweupe ulio juu ya zabibu zenyewe. Mimi niko na hawa wa pili. Nilipitisha kidole gumba juu ya zabibu moja, na pale kilipopita ganda likabaki jeusi, linang'aa. Nikaitia mdomoni. Utamu kwanza, kisha kokwa zikapasuka menoni, na ukakasi ule ule ukanishika ufizi.