Roda Mbili za Mjomba

Nilikuwa kidato cha pili, na neno nililoliokota kwenye kamusi lilikuwa limenikaa kichwani kama wimbo: chock-a-block. Kamusi ilisema ni kujaa kabisa. Nikaona hii ndiyo pomoni yetu, nikaitia kwenye insha ya feri ya Likoni, ile ya asubuhi ambayo ukiinua mkono kujikuna, pa kuurudishia hupaoni tena. Kwa kuwa ni kivumishi nikakitanguliza mbele ya nomino, kama wafanyavyo Waingereza na vivumishi vyao vingine.

Mwalimu alikikata kwa wino mwekundu. Hiki, akasema, aghalabu huja baada ya kitenzi: "The ferry was chock-a-block with people." Darasa likacheka.

Nikarudi Mji wa Kale nimenuna. Mjomba alikuwa barazani, kahawa mkononi. Ujana wake aliumalizia kwenye majahazi, kisha akafanya kazi ya winchi Kilindini. Nilipolitaja lile neno, akaweka kikombe chini.

"Nani amekwambia ni kujaa?"

Akaingia ndani, akatoka na gunia. Humo mlikuwa na roda mbili za mbao, zile kapi za kupitishia kamba, zimekuwa nyeusi kwa mafuta, na kamba. Moja akaifunga kwenye boriti, ya pili akaitia kulabu na kutundika ndoo ya maji, nusu tu. Kamba akaipitisha huku na huku, akanipa ncha.

"Haya, vuta, mwanangu."

Nikavuta. Ndoo ikapanda, roda ya chini ikaifuata ya juu, nafasi kati yao ikapungua hadi shibiri, hadi kidole, kisha mbao zikagongana: ko! Nikajitundika kwenye kamba kwa uzito wangu wote. Haikwenda.

"Hapo ndipo," akasema. "Meli za Wazungu, roda zikikutana hivyo, ndiyo chock-a-block. Hata sisi na foromali, ule mti wa tanga, jarari inayoupandisha ikifika mwisho imefika. Ndoo imejaa?"

"Haijajaa, mjomba."

"Basi. Lakini pa kuvuta huna."

Nikauliza kujaa kumeingilia wapi. Akasema watu wa nchi kavu walilichukua neno wakaliacha jahazi. Wakitazama chumba kisicho na pa kutia mguu, huona roda zile zile. (Lipo na chock-full, nalo ni kujaa, lililotangulia kwa karne kadhaa na lisilodai chochote kwa roda. Hilo mjomba hakulijua, nami nililijua ukubwani.) Nilikuwa bado nashangaa, nikaiachia kamba. Maji yote barazani, na kahawa ya mjomba ndani yake. Mama akatoka na ufagio, na maneno aliyoyasema hayakuhitaji kamusi.

Jumatatu niliirudisha insha, kivumishi kimekaa baada ya kitenzi. Mwalimu akaweka vema, kisha akaniita mezani kuniuliza ni nini hivi viduara viwili nilivyochora pembeni, vimegusana.