Ukurasa wa 47

Leo asubuhi kabla sijafungua steshenari nimekaa tu barazani naangalia mabasi ya Arusha yanavyoingia hapa Korogwe, nikakumbuka mwaka ule nazunguka kwenye madirisha ya mabasi hayohayo, vijana wa machungwa huku, wa mayai kule, na mimi katikati nimeshika riwaya yangu. Elfu tano. Konda mmoja akaniuliza, ni cha dini?

Watu wananiulizaga lini ntaachana na duka nifanye sanaa tu. Swali hilo huwa linaniuma, maana bila duka hakuna kitabu wala filamu. Riwaya niliichapa usiku kwenye kompyuta ileile ya barua za wateja, na barua zenyewe ndo zilinifundisha kuandika. Mama mtu mzima anakaa mbele yako, anakwambia mwanangu niandikie hivi, barua ya kwenda kwa kaka yake aliyemdhulumu shamba, unajua palepale neno lipi limebeba uchungu na lipi la kujaza karatasi. Kusimulia nako nilikutolea kibanda umiza utotoni, kile kibanda cha kuonyeshea video, sauti ya Lufufu akitutafsiria filamu za nje kwa Kiswahili.

Hela ya kuchapa niliidunduliza kwenye kopo miaka miwili, ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, nikaifuata Maktaba ya Taifa Dar. Nakala 300. Maboksi yamefika na basi, nafungua, ukurasa wa 47 na 48 haupo. Kwenye nakala zote! Na ndo pale kijana anarudi kwao anakuta mama yake walishamzika. Waliochapa wakasema hela hairudi. Nililia jamani, sifichi. Alafu nikawasha mashine ya fotokopi nikatoa karatasi 300, mke wangu anakata kwa rula na wembe, mimi napaka gundi ukingoni kamstari kembamba tu maana ikizidi inagandisha na ukurasa wa jirani, usiku tatu mfululizo. Mpaka leo ukikifungua kitabu utaiona hiyo karatasi, nyeupe kuliko wenzake.

Filamu ni ya dakika 38, kamera nilikodi kwa mpiga picha wa harusi. Wengi wanaogopa Bodi ya Filamu, kwamba sheria ile ya 1976 inataka kibali kabla ya kushuti na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa, ila mimi nawajazia watu fomu kila siku, hapo sikukwama. Nilikwama kwenye sauti. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inameza maneno yote ya waigizaji. Nikamwendea mzee mwenyewe nikamwomba azime nusu saa, akazima, hakudai hata mia, na kina mama waliokuwa foleni na mahindi yao wakakaa kimya juu ya ndoo. Tukawashuti vilevile walivyokaa. Kwangu hiyo ndo shoti bora kuliko zote.

Jumamosi tumeionyesha kibandani, kiingilio 500, watu mpaka mlangoni. Mzee wa mashine alikaa mbele kabisa. Ilipoisha akanishika mkono akasema kijana wangu umefanya kazi, ila mashine yangu mbona naiona siisikii?

Sikuwa na jibu. Leo mchana nimefunga duka robo saa nikaenda na simu, nikarekodi inavyoanza kuunguruma, mkanda unavyopiga, mahindi yanavyomiminika. Skripti mpya haina hata jina bado, lakini sauti ya kwanza itakayosikika ninayo.