Roboti za Michigan, kitimoto cha Iowa

Nimekulia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, baba akiwa fundi kereza, mchonga vyuma kwa mashine. Pale ukitaka shafti ichongwe unavuka mtaro, ukitaka ichomelewe unageuka nyuma tu. Sikutegemea kuikuta Gerezani nyingine hapa Michigan, tena ndani ya shule.

Binti yangu yumo kwenye timu ya roboti, kwenye mashindano ya shule yaitwayo FIRST, yaliyoanzishwa na mvumbuzi Mmarekani Dean Kamen. Kila Januari hutangazwa mchezo mpya, na wiki chache baadaye roboti inatakiwa iwe uwanjani. Usiku wa kwanza nilipokwenda kumchukua nilikuta wazee watatu, wastaafu wa viwanda vya magari, wamewainamia watoto. Mmoja alikuwa na mikromita mkononi, kile kipimo cha vitu vyembamba mno, anafoka kwamba tundu limepanuka unywele mmoja. Alumini ilikuwa mabaki ya karakana ya jirani inayotengeneza vipuri vya magari. Shafti nazo zilichongwa hukohuko, saa ambazo mashine haikuwa na kazi. Bure kabisa.

Jimbo hutoa ruzuku kwa timu, sawa. Lakini ruzuku hainunui mzee mwenye mikromita.

Mdogo wangu yuko Iowa, mji ambao ajira kubwa ni kuchinja nguruwe. Mwanawe naye yumo timu ya roboti. Kiwanda kiliwapa fulana na hela kidogo. Mashine ya kukereza hakina, kitaitoa wapi? Vipande waliagiza kwa posta, kikikosewa kimoja wiki imekwenda. Aliyewaokoa ni mkulima anayejichomelea majembe ya trekta. Akawaundia fremu ya chuma ambayo hata ng'ombe asingeivunja, ila ilipowekwa kwenye mizani roboti ilizidi kikomo cha uzito. Wakakesha wakiitoboa matundu ili ipungue.

"Kaka, huko kwenu mashine zinaota kama uyoga?" aliniuliza.

Zinaota, ndiyo, lakini hata huku nguzo hutikisika. Aprili 2009 timu namba 67, HOT, ya hapahapa Michigan, inayolelewa na kampuni ya magari ya GM, ilikuwa kwenye muungano wa timu uliotwaa ubingwa wa FIRST kule Atlanta. Juni 1 mwaka huohuo GM ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Mwaka 2010 HOT ikabeba kombe tena! Mimi naona kampuni inaweza kuyumba ofisini, lakini ujuzi umeshalala nyumba za mtaa mzima, na jioni unatoka na kwenda shuleni kwa miguu.

Wiki ijayo naelekea Iowa. Yule mzee wa mikromita aliposikia habari za fremu ya jembe alicheka hadi akakaa chini, kisha akanijazia buti la gari mirija ya alumini, beringi na gia zilizotumika. Amekubali pia kuongea na wale watoto kwa video kila Jumanne. Mdogo wangu kaahidi buti halitarudi tupu: kitimoto, kilo nitakazo.