Likizo ya Karavani Mersea: Jibu kwa Waliodhani Tumefukuzwa Nyumba

Picha ilikuwa moja tu: karavani nyeupe, yaani nyumba ndogo ya bati inayovutwa na gari, juu ya nyasi, viti vya kukunja, na wanangu wakiwa peku. Niliiweka kwenye status jioni, na kabla sijalala shangazi yangu alikwisha kunitumia ujumbe wa sauti wenye majonzi: "Mwanangu, mmefukuzwa kwenye nyumba? Msitufiche." Nilipomweleza kwamba tuko mapumzikoni, na kwamba kulala pale tunalipia, majonzi yakageuka hasira, maana mtu mwenye fedha za kulala ndani ya bati kwa hiari yake, alisema, hana udhuru wa kuchelewesha fedha za paa la kule nyumbani. Ndugu wengine wakadakia katika kundi la familia, na mmoja akauliza kama huku hata hoteli imetushinda. Shangazi nimekwisha kumpigia simu na kumwomba radhi, kama inavyopasa. Hao wengine nawajibu hapa.

Karavani yenyewe si yetu. Ni ya mfanyakazi mwenzangu, Mwingereza anayekaribia kustaafu, ambaye kwa muda wote niliomfahamu mazungumzo yetu hayakuwa yamevuka hali ya hewa na ratiba ya zamu. Aliposikia kwamba tangu tuhamie Essex, Uingereza, safari zetu zote zimekuwa za uwanja wa ndege, alinikabidhi funguo pamoja na karatasi ya maelekezo aliyoijaza kwa mkono pande zote mbili, na hakutaka hata senti. Siku ya kuondoka alikuja mwenyewe kuifunga kwenye gari langu, akanikagulisha taa za breki, kisha akabandika nyuma yake kibao chenye namba za gari langu, kwa kuwa sheria inataka kinachovutwa kibebe namba za kinachovuta.

Nanyi mnaojiandaa kuja, lichukueni hili mapema: leseni ya Kenya au ya Tanzania hutumika hapa kwa miezi 12 tu tangu uwe mkazi, na baada ya hapo ni kufanya mtihani upya, kwani nchi zetu hazimo katika orodha ya zile ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Ukishaipata ya huku, tangu Desemba 2021 leseni ya gari dogo inakuruhusu kuvuta tela la hadi kilo 3,500, ingawa uwezo wa gari lenyewe mara nyingi haufiki hapo. Mwendo wa juu ni maili 50 kwa saa katika barabara za kawaida nje ya miji na 60 katika barabara kuu zilizogawanywa katikati. Watakaokupigia honi nyuma waache wapige.

Mersea ni kisiwa kidogo kusini mwa Colchester, baina ya midomo ya mito Colne na Blackwater, na chaza wake wanajulikana tangu zama za Warumi. Hakiingiwi kwa feri bali kwa barabara ya tuta iitwayo Strood, ambayo magogo ya mwaloni yaliyokutwa chini yake yalipopimwa yalionekana ni ya karne ya 7. Bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likijaa, maji huifunika barabara hiyo, na wasiotazama kalenda huzimikiwa na magari katikati. Siku moja jirani yetu wa kambini, yaani kwenye uwanja wa kuegesha karavani, alikuwa amekwisha kuwasha injini aende Colchester saa saba mchana. Usiku wa kabla yake mwezi ulikuwa mpevu, nikamwambia asubiri. Alinitazama kwa adabu ya mtu asiyeamini, akafungua jedwali la maji kwenye simu yake, akazima injini, na jioni akaleta watoto wake wasikilize habari za mwezi. Pwani kwetu bamvua hujaa alfajiri na alasiri, ilhali Mersea hujaa karibu na adhuhuri na karibu na usiku wa manane, kwa hiyo saa ilinibidi nijifunze. Mengine nilikuja nayo.

Sasa bati. Ni kweli kwamba maji tulichota: unaviringisha pipa la lita 40 kutoka bombani hadi mlangoni, na pampu ndogo huyavuta ndani. Ni kweli pia kwamba choo kina kaseti, yaani tangi dogo la uchafu, ambayo mtu huichomoa kwa nje kila asubuhi na kwenda kuimwaga mahali maalumu. Zamu hiyo nilimpa mume wangu, naye alirudi akichelewa, kwa sababu wanaume wa kambi nzima hukutana pale wakazungumza kana kwamba wako barazani. Umeme wa ampea 10 hautoi zaidi ya wati 2,300, na birika la nyumbani peke yake hutaka karibu 3,000, hivyo anayelibeba huzima taa zake mwenyewe. Kwa hayo yote tulilipa chini ya pauni 40 kwa usiku, familia nzima. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, basi fanyeni hesabu, kisha mtafute hoteli ya watu wanne mwezi Agosti.

Kinachonikera hasa ni dhana kwamba likizo ni anasa ya Wazungu. Sheria ya hapa inampa mfanyakazi wiki 5.6 za likizo yenye malipo kwa mwaka, yaani siku 28 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, sikukuu zikiweza kuhesabiwa humo, na mwajiri haruhusiwi kukulipa fedha badala ya mapumziko hayo ilhali ungali kazini kwake. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo msimamizi alituambia sisi wa viza kwamba likizo itapangwa kazi ikipungua, na mwaka ukaisha kazi haijapungua. Wengi wetu tukipewa siku hizo huzitumia kufanya zamu za wakala wa ajira, kisha tunatuma fedha, kisha tunaugua mgongo. Dai siku zako kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Malalamiko ninayo, lakini si yale ya kwenye kundi la familia. Mzazi anayemkosesha mtoto shule kwa ajili ya likizo anaweza kutozwa faini ya pauni 80, kila mzazi kwa kila mtoto, na hupanda hadi 160 isipolipwa ndani ya siku 21. Kwa hiyo wenye watoto wote tunasukumwa katika wiki zile zile za shule kufungwa, na wenye kambi, ambao hilo wanalijua vizuri, hupandisha bei ya kipande kile kile cha nyasi ambacho mwezi Juni hakina mgombaniaji. Mwakani tutajaribu wiki ya mapumziko ya mwishoni mwa Mei. Nayo si rahisi, ila si kama Agosti, na mwenye nia aweke nafasi kabla ya Krismasi.